Haki ya Aliyerudi Vitani na Haki ya Waliomngojea

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Katika masuala ambayo watu huyapita mlangoni wasiingie ndani, mna suala la mtu aliyekwenda vitani akakaa miaka mingi, kisha akarudi kwao hali ana mikono yake miwili na miguu yake miwili, wala mwilini mwake hamna kovu la kutajika, lakini nafsi yake imejeruhiwa. Aliyekatwa mguu kila mmoja humjua kuwa ana udhuru. Husogezewa kiti, na hapana amwambiaye asimame. Ama huyu mwenye jeraha lisiloonekana hukutana na watu wasiojua wamweke wapi. Je, ni mgonjwa ahurumiwe, au ni mkosa alaumiwe? Na akimpiga mkewe usiku wa manane kwa kudhani kuwa ni adui, jambo hilo litabebwa na nani? Na mke naye, aliyengoja miaka mitano, yampasa avumilie mpaka lini?

Wako wasemao kwamba mtu huyo hana kosa, basi na asiulizwe kitu. Na wako wasemao kwamba kila alitendalo mtu ni lake, basi na alaumiwe kwa yote. Kauli zote mbili zina upungufu, na kwa upungufu huo nyumba nyingi zimevunjika. Haki iko katikati yao, na sharia imekwisha kuionyesha kwa mwenye kutazama.

Suala hili si geni kwa watu wa pwani. Katika vita vya 1939 mpaka 1945 Waingereza waliandika askari na wachukuzi katika nchi walizokuwa wakizitawala upande huu wa Afrika, hesabu yao ikapita 300,000. Walipelekwa kupigana na Wataliani katika Somalia na Uhabeshi mwaka 1941, kisha Madagaska mwaka 1942, kisha wakavushwa bahari mpaka Ceylon, na kutoka huko wakaingizwa Burma kupigana na Wajapani. Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa mvua za masika ya huko, katika matope na homa ya malaria, vyakula vyao vikiangushwa kwa ndege, kwa kuwa njia hazikupitika. Wakafika Kalewa, kwenye mto Chindwin, mwanzo wa Disemba mwaka huo.

Na wako wasiofika hata huko. Mwezi wa Februari 1944 msafara wa merikebu ulitoka bandari ya Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo. Miongoni mwa merikebu hizo ilikuwamo Khedive Ismail, iliyochukua watu zaidi ya 1,500, na wengi wao walikuwa askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika ya Mashariki. Tarehe 12 ya mwezi ule, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Wajapani iliipiga merikebu hiyo, ikazama katika muda wa dakika mbili tatu. Wakafa watu karibu 1,300. Waliobaki walikuwa wakiogelea, na nyambizi ilikuwa ingali chini yao. Na manowari ya Waingereza, ili kuiwinda nyambizi, ikatupa mabomu yapasukayo chini ya maji, hali watu wao wenyewe wamo majini. Huenda hesabu ya nahodha katika kuzilinda merikebu zilizosalia ilikuwa sawa, na hukumu yake iko kwa Mola wake. Lakini aliyekuwa majini akaokoka, aliporudi kwao akaulizwa na mamaye, "Huko kulikuwaje?", angejibu nini?

Vita vilikwisha Agosti 1945, lakini merikebu za kurudishia watu zilikuwa chache, na wengi hawakufika makwao ila mwaka 1946. Walipokewa kwa maulidi na pilau, wakapewa mikono na kila mtu. Kisha wageni wakaenda zao, na mlango ukafungwa. Na yanayohusu suala hili yalianza baada ya mlango kufungwa.

Na ichukuliwe mfano wa mtu mmoja katika mji wo wote wa pwani, aliyeondoka akiwa kijana mcheshi, fundi wa jahazi. Amerudi hasemi. Akenda barazani hukaa ukingoni, mgongo umeelekea ukuta, na macho yako njiani. Siku ya Ijumaa husimama safu ya mwisho karibu na mlango, kwa kuwa watu wakimsonga pumzi humpaa. Ukafika mwezi wa Ramadhani, jua likachwa, tende iko mkononi mwake, mara ukalia mzinga wa kufuturu. Watu wote walisema Bismillahi wakala. Yeye walimkuta amelala kifudifudi chini ya kitanda, na watoto wakacheka. Usiku huamka akipiga ukelele, na mara moja aliamka mikono yake iko shingoni mwa mkewe.

Na mkewe naye si yule aliyemwacha. Aliuza vikuku vyake mwaka wa pili, akashona kofia, akapika vitumbua alfajiri, akawalea watoto, akamzika mkwewe, akajua kukata shauri pasipo kumngoja mtu. Mtoto mdogo, aliyezaliwa baba hayupo, humwita babaye "yule bwana". Basi mume ameikuta nyumba iliyojifunza kukaa bila yeye, na mke amempokea mtu mwenye sura ya mumewe, wala hajui mumewe mwenyewe yuko wapi. Wote wawili wamepotelewa, na kila mmoja humdai mwenziwe alichopotelewa nacho.

Watu wakiona hali hiyo husema mambo matatu, na yote matatu yafaa kupimwa.

La kwanza husema, "Imani yake ni dhaifu, lau angekuwa na imani, asingeogopa." Hili ni neno la mtu asiyezingatia visa alivyovisoma. Nabii Yaakub (A.S.) alimlilia mwanawe miaka mingi hata macho yake yakaingia weupe kwa huzuni, naye ni nabii mtukufu, wala hapana Mwislamu awezaye kusema kwamba imani yake ilipungua. Na Kurani imeieleza khofu iliyowashika Waislamu siku ya Handaki, mwaka wa tano wa Hijra, kwa maneno makali, wala haikuwatoa katika daraja ya waumini kwa sababu ya kuogopa. Waliolaumiwa ni wanafiki, kwa maneno yao na kwa udhuru wao wa uwongo. Tena atazamwe Wahshi, aliyemwua Sayyidna Hamza siku ya Uhud. Alipokuja kusilimu, Bwana Mtume (S.A.W.) alimkubali Uislamu wake, lakini alimtaka, kama aweza, asimwonyeshe uso wake. Hakumrudishia dhambi wala hakulipa kisasi, lakini kuuona uso ule kulikuwa kukimrudisha penye maiti ya ami yake. Ikiwa moyo ulio bora kuliko nyoyo zote ulikuwa na kitu usichoweza kukitazama, ni vipi fundi wa jahazi alaumiwe kwa kutoweza kuusikia mzinga?

La pili husema, "Amepagawa." Basi huitwa mganga, ikapigwa ngoma, akatafutwa mbuzi wa rangi fulani, na fedha chache za kiinua mgongo alizokuja nazo askari zikaingia mfukoni mwa mtu aliyekuwa akilala kwake raha mustarehe wakati wa vita. Majini wako, na kuamini kuwako kwao ni katika dini; lakini kila ugonjwa usiojulikana kuubandika kwa majini si katika dini, ni katika uvivu. Wanazuoni wa Kiislamu waliyatambua maradhi ya nafsi zamani sana. Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya maslaha ya miili na nafsi, akaeleza khofu na huzuni na wasiwasi kuwa ni maradhi yenye dawa yake kama yalivyo maradhi ya mwili. Na hospitali walizozijenga wafalme wa Kiislamu, kama ile ya Nuruddin katika Damascus mwaka 1154 na ile ya Qalawun katika Cairo mwaka 1284, zilipokea waliougua akili pamoja na waliougua mwili. Huu ni urithi wa Waislamu, na ni aibu kuuacha urithi huo kwa ajili ya mbuzi mweusi.

Na Wazungu nao walichelewa kulijua jambo hili, wakalijua kwa khasara. Katika vita vya 1914 mpaka 1918 matabibu wao walidhani kwanza kwamba ni mshindo wa kombora unaotikisa ubongo. Kisha wakaona kwamba hata aliyekuwa mbali na kombora hupata ugonjwa ule ule. Jeshi la Waingereza lilipiga risasi mamia ya askari wake lenyewe kwa kutoroka na kwa woga na makosa mfano wa hayo, na miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wagonjwa tu. Ilipofika mwaka 2006 Serikali yao ikawasamehe watu 306 baada ya kuwa mifupa katika ardhi. Na ni katika mwaka 1980 ndipo matabibu wa Marekani walipouandika ugonjwa huu kwa jina lake katika kitabu chao cha maradhi ya akili: kwamba mtu aliyepitiwa na jambo la kutisha kupita kiasi huenda jambo hilo likabaki ndani yake likitendeka upya, usingizini na mchana, kana kwamba halijakwisha. Si uwongo, si woga, wala si wazimu wa daima. Na wengi hupata nafuu wakitibiwa.

La tatu husema, "Mwanamume hasemi, na ashukuru kwamba amerudi hai." Kushukuru ni wajibu, lakini neno hili si la kumwongoza mtu katika shukrani, ni la kumfunga kinywa. Nabii Yaakub alishtaki huzuni yake, akamshtakia Mola wake. Aliyemfundisha mtu kwamba kushtaki ni aibu hakumfundisha ushujaa; amemfungia moto ndani ya nyumba kisha akashangaa kuona moshi.

Yakiisha kuondolewa hayo matatu, hubaki suala lenyewe: ni nani anayedaiwa, na anadaiwa nini?

Imethibiti katika hadithi mashuhuri kwamba haandikiwi dhambi aliyelala mpaka aamke, wala mtoto mpaka abaleghe, wala aliyeondokewa na akili mpaka imrudie. Kwa hiyo mtu aliyemkaba mkewe hali yu usingizini, akimwona kuwa ni Mjapani katika mwitu wa Burma, hana dhambi ya tendo lile. Na lau alitamka talaka katika hali ile ya usingizi, talaka haipiti. Ama aliyetamka yu macho, katika ghadhabu au fazaa, mambo yake hayaamuliwi na majirani barazani. Yapelekwe kwa kadhi, apime kama akili ilikuwapo au haikuwapo. Hapana jamaa aliye na ruhusa ya kumwita mtu huyo mwovu kwa yaliyomtoka pasipo hiari yake, wala kumcheka, wala kumhadithia mtaani. Hii ndiyo haki yake, na amnyimaye amemdhulumu.

Lakini mbele ya neno hili wengi husimama wakadhani wamefika, na safari ingali mbele. Kwani wanazuoni wametenga mambo mawili ambayo watu wa kawaida huyachanganya: hatia na dhamana. Mtoto mchanga akiuvunja mtungi wa jirani hana hatia, wala hapana aliyesema kwamba ataulizwa Akhera kwa mtungi ule. Hata hivyo mtungi umevunjika, na jirani alikuwa akinywea maji. Basi thamani yake hulipwa katika mali ya mtoto yule, na walii wake ndiye asimamiaye malipo. Na hukumu ya aliyeondokewa na akili ni hiyo hiyo. Kalamu ya dhambi imeinuliwa, lakini mtungi haukujiunga wenyewe kwa kuinuliwa kalamu.

Na liko tukio la Bwana Mtume mwenyewe lenye kuliweka jambo hili wazi. Alipokuwa akirudi kutoka Khaybar pamoja na sahaba zake, usiku ukawachokesha, wakapumzika. Akamwekea Bilal kazi ya kukesha ili awaamshe kwa sala ya alfajiri. Bilal naye akashikwa na usingizi, wote wasiamke ila kwa joto la jua. Hapana aliyepata dhambi, kwa kuwa usingizi ni udhuru. Lakini yatazamwe mambo mawili: kabla ya kulala aliwekwa mlinzi, na baada ya kuamka sala ililipwa. Udhuru ulikuwa katikati tu. Mbele yake palikuwa na tahadhari, na nyuma yake palikuwa na malipo.

Huu ndio mzani wa aliyerudi vitani. Yaliyompata usiku hayakuandikwa. Lakini kumepambazuka, naye ameamka, na akili yake iko pamoja naye, na mbele yake amemwona mkewe na alama shingoni. Tangu dakika hiyo kalamu imeshuka. Atakalolifanya asubuhi ile huandikwa. Akigeuza uso akaenda zake barazani kana kwamba halikuwa jambo, huandikwa. Akisema, "Nilikuwa nimelala, usinisumbue", maneno ya kwanza ni kweli na maneno ya pili ni dhuluma. Na akikaa mbele yake, akatazama alilolifanya, akamtaka radhi, akasema kwa ulimi wake kwamba ni mgonjwa na kwamba ataitafuta dawa, hilo pia huandikwa, na huenda likawa zito katika mizani kuliko mengi aliyoyafanya vitani.

Wala haimtoshi kutaka radhi bila ya tahadhari. Ajuaye kwamba usiku wake hauna amana, na alale chumba kingine mpaka apate nafuu. Wala si aibu, kwa maana amemhama kitandani kwa kumhurumia, hakumhama kwa kumchukia. Panga na kisu visiwe karibu na mto wake. Watoto wafundishwe kumwamsha kwa sauti kutoka mlangoni, wasimguse. Siku za Ramadhani aambiwe mapema kwamba mzinga u karibu kulia, akae na mtu amwaminiye. Haya ni mambo madogo, na madogo haya ndiyo mlinzi aliyewekwa kabla ya usingizi. Na kujitibu kumeamrishwa na Bwana Mtume. Basi mwenye jeraha la nafsi asiyetaka tabibu, hali tabibu yuko, afanana na mwenye donda mguuni asiyetaka lioshwe, kisha akawalaumu watu kwa harufu. Ziko hospitali za maradhi hayo Mathari katika Nairobi, na Mirembe katika Dodoma, na Kidongo Chekundu katika Unguja. Na kwenda huko hakutoi mtu katika uanaume, seuze katika dini.

Ama mke, amekuwa mwenye kusahauliwa katika suala hili, kwa kuwa kila mtu humwambia neno moja tu: vumilia. Wazee humwambia hivyo wakanyanyuka wakaenda kulala makwao, na hapana hata mmoja wao alalaye katika nyumba ile. Subira ni fadhila kubwa. Lakini subira ni ya mwenye kusubiri, aitoe kwa Mola wake. Haikuwekwa iwe fimbo mikononi mwa wengine, wamkumbushe nayo kila alalamikapo.

Na itazamwe adabu ya Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.). Imepokewa kwamba alikuwa akizunguka Madina usiku, akamsikia mwanamke akiulalamikia upweke wake, mumewe amechukuliwa na jeshi. Hakumgongea mlango akamhubiria subira. Alikwenda kwa bintiye, Bibi Hafsa, akamwuliza mwanamke aweza kumvumilia mumewe akiwa hayupo muda gani. Akajibiwa miezi minne, na katika mapokezi mengine miezi sita. Naye akawaandikia majemadari wake wasiwazuie askari zaidi ya muda huo. Hapa mna mafunzo mawili. La kwanza, kwamba khalifa wa Waislamu alipotaka kujua mwanamke aweza kubeba kiasi gani, alimwuliza mwanamke, hakuwauliza wazee wa baraza. Na la pili, kwamba hakuona tatizo lile kuwa ni upungufu wa mke au wa mume. Aliona ni deni la aliyempeleka mtu vitani, akalilipa kwa amri. Askari waliopelekwa Burma walikaa mbali na wake zao miaka mingi, na hapana aliyemwuliza mtu.

Basi mke akiulizwa akasema kwamba aweza, na asaidiwe, asiachiwe peke yake. Na akisema kwamba hawezi tena, kwamba anaikhofia roho yake au roho za watoto wake, neno lake lisikizwe kabla ya kutokea maiti. Mlango wa kadhi u wazi, na sharia imempa njia za kujiondoa katika madhara. Hatakuwa mkosa wa utiifu kwa kuikimbia mikono iliyomkaba, ijapokuwa mikono ile haina dhambi. Mtu aweza kuwa hana hatia na bado ikawa si salama kulala karibu naye. Anayelielewa neno hili moja ameielewa sehemu kubwa ya suala hili.

Huenda akainuka mtu akapinga, akasema: "Mtu huyu amevunjika tayari. Mkimdai dhamana, na mkewe akipewa ruhusa ya kuondoka, mmemvunja mara ya pili. Huruma iko wapi?" Hoja hii ina uzito, na haifai kupuuzwa. Jawabu lake ni kwamba kutomdai mtu kitu cho chote si huruma; ni kumhesabu kuwa hayumo tena katika watu. Mtoto hadaiwi, na maiti hadaiwi. Aliyerudi vitani amekwisha kujiona kama mmoja wa waliozama. Na jamaa wakimwambia kwamba alitendalo na asilolitenda ni mamoja, wamemthibitishia hivyo. Lakini akiambiwa, "Usiku wako tumekusamehe, asubuhi yako twaitaka", amerudishwa katika daraja ya mtu mwenye akili na dini, ambaye neno lake lina thamani na mkono wake waweza kujenga ulichokibomoa. Dhamana ndiyo kamba anayovutiwa nayo nchi kavu. Na ikiwa kamba ni nzito kwake peke yake, ndugu na jirani waishike pamoja naye. Walii wa mtoto husimama badala yake kulipa mtungi. Basi nduguye mume na asimame, amchukue alale kwake katika miezi ya mwanzo. Mwenye jahazi na ampe kazi ya mkono, ya kuchonga na kukalafati, isiyo ya makelele. Na aliyepigana naye vita vile vile, ikiwa yuko mjini, na aende akae naye baada ya isha, kwa sababu yako maneno ambayo huambiwa tu aliyekuwapo.

Na katika adabu alizozifundisha Bwana Mtume mna moja ambayo watu huidhani ni ndogo. Alimkataza aliyekaa safarini muda mrefu asiwaingilie watu wa nyumbani mwake usiku kwa ghafula, bali awape nafasi wapate khabari na wajiweke tayari. Naye mwenyewe akirudi safari alikuwa akianza msikitini, akasali rakaa mbili, kisha akakaa na watu, ndipo akaenda nyumbani. Hekima yake ni kwamba baina ya safari na nyumba pana haja ya pahali pa katikati. Aliyetoka mauti hawezi kutiwa sebuleni kwa siku moja akaambiwa, "Haya, kuwa kama ulivyokuwa." Wala waliongoja hawawezi kumfungulia moyo wote kwa saa moja. Kurudi kwa mwili ni kwa merikebu, huchukua majuma. Kurudi kwa nafsi huchukua miaka, na yapasa pande zote mbili zipeane khabari njiani.

Katika Mombasa na Nairobi na Dar es Salaam zimesimama sanamu za shaba za askari, zilizowekwa katika miaka ya 1920 kuwakumbuka waliokufa katika vita vya 1914 mpaka 1918. Waliokufa hawana haja ya shaba. Waliorudi hai, wa vita vile na wa vita vilivyofuata, hawakuwekewa kitu. Na walichokihitaji hakikuwa sanamu, kilikuwa ni jirani asiyecheka. Wala jambo hili halikwisha na Burma. Wako waliotoka Tanzania kwenda vita vya Uganda vya 1978 na 1979, na wako waliotoka Kenya kuingia Somalia tangu mwaka 2011, na katika nyumba zao pia mlango ulifungwa baada ya wageni kwenda.

Basi mwenye ndugu wa namna hii na ajipime nafsi yake kwa maswali matatu. Je, amemsamehe usiku wake, ambao Mola wake hakumwandikia? Je, amemsaidia asubuhi yake, ambayo ataulizwa? Na je, amemwuliza mkewe, kwa adabu na pasipo kumkatiza, kwamba yeye aweza kubeba kiasi gani? Akiyajibu hayo kwa vitendo ametimiza haki ya pande mbili. Na asipoyajibu, asiseme kwamba vita vimekwisha. Kwani viko nyumba ya pili, na ukelele wake usiku anausikia.

Mwenyezi Mungu awaponye waliojeruhiwa nafsi zao, na awalipe mema waliowangoja, na awape majirani macho ya kuona jeraha lisilo na damu. Amin.